Hukumu ya Machakos haitaokoa muhogo wa Muheza

Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Machakos ilitamka kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuhifadhi, kubadilishana au kumgawia jirani mbegu zake za asili vinakwenda kinyume na katiba. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2022 na wakulima 15. Kabla ya hukumu, aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 za Kenya. Habari hiyo haikukawia kuvuka mpaka wa Horohoro. Wadigo wa Vanga na Wadigo wa Mkinga ni ndugu wa damu, na mbegu zimekuwa zikipita huku na huku ndani ya vikapu vya harusi na misiba tangu mpaka haujachorwa. Kwa hiyo huku Tanga nako hukumu ikapokewa kana kwamba ni yetu. Wapo walioshangilia kwamba mbegu za asili zimekombolewa. Wapo walionung'unika kwamba sasa mlango umefunguliwa kwa kila mwenye gunia la mbegu feki.

Naona pande zote mbili zimeisoma hukumu hii vibaya, na kosa lao ni moja: zote zinaamini kwamba sheria ndiyo inayohifadhi au kuua mbegu. Mbegu nyingi ambazo bibi zetu walizijua kwa majina hazikupotezwa na polisi. Zimepotea kwa sababu udongo uliokuwa ukizilea umechoka, kwa sababu soko linataka aina moja tu, kwa sababu ya maradhi, na kwa sababu aliyezitunza amezeeka bila mrithi. Haki ya kugawana mbegu naiunga mkono bila kigugumizi. Ila haki ya kugawana kitu haikifanyi kitu hicho kiwepo. Kutunza wingi wa aina za mazao na uhai wa udongo ni kazi. Inafanywa shambani, na watu wasiolipwa, kwa faida ya taifa zima na hata ya mataifa jirani. Mpaka tutakapoilipia kama tunavyolipia barabara na mabomba ya maji, kazi hiyo itaendelea kufa, sheria ikaze au ilegee. Sidhani kama kuna mkoa Afrika Mashariki wenye ushahidi mzito wa jambo hili kuliko Tanga, na ushahidi wenyewe uko kwenye zao ambalo watu wengi hawalipi heshima yake: muhogo.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Enzi hizohizo walowezi waliijaza nyanda za chini mashamba ya mpira wa Ceará, mti uliotoka Brazili, ambao wataalamu wanauita Manihot glaziovii. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, kwa kushindwa na mpira wa Asia, mashamba yale yakaachwa. Miti ikabaki kwenye mipaka na mapori. Watu wetu, ambao hawatupi jani linalolika, wakagundua kwamba majani yake ni mboga, na hadi leo kisamvu cha mpira kinatwangwa na kuungwa nazi majumbani mwetu. Hakuna aliyepanga kuuhifadhi mti huo kwa ajili ya chakula cha baadaye. Ulibaki tu, masalia ya biashara iliyofilisika.

Sasa, muhogo wa Usambara ulikuwa mgonjwa. Batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, iliandikwa na Mjerumani aitwaye Warburg mwaka 1894 kutokana na mihogo ya milima hii hii. Mwaka 1936 mtaalamu wa Amani, H. H. Storey, akaueleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mbaya kwa namna yake: majani yanaweza kuonekana mazuri, mkulima akajiona tajiri, akija kung'oa anakuta mizizi imeoza ndani kwa rangi ya kutu. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta muhogo wenye kinga kutoka huku na huko duniani, wasiridhike. Ndipo wakaugeukia ule mti wa mpira uliotelekezwa. Wakauchanganya na muhogo, kisha uzao wake wakauchanganya tena na muhogo, na tena, mpaka wakapata mimea yenye kinga ya porini na mizizi ya kuliwa.

Fuatilia yaliyotokea baada ya hapo, maana hapa ndipo hoja yote ilipo. Mmea mmoja wa Amani, uliopewa namba 58308, ulipelekwa Nigeria. Miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki pale Ibadan wakautumia kuzalisha aina mpya zinazostahimili batobato, mojawapo ikiwa TMS 30572. Miaka ya 1990, batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda na kuwaachia watu njaa, aina hiyo ikapandwa kule kwa jina la Migyera, ikawa miongoni mwa zilizorudisha muhogo mashambani. Mmea mwingine wa Amani, namba 46106/27, haukupata safari ya heshima kama hiyo. Kazi ya Amani ilifungwa miaka ya 1950, na mmea huo ukabaki mikononi mwa wakulima wadogo. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaanza kusambaa Uganda na kuziangusha hata aina zilizoishinda batobato. Watafiti walipohangaika kutafuta kinga, mmoja wa wazazi bora waliompata alikuwa huyo Namikonga, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba yeye na Kaleso ni kitu kimoja.

Kwa nusu karne, basi, kinga ya ugonjwa unaotishia chakula cha mamilioni ya watu ilitunzwa na akina mama na wazee waliokuwa wakikata pingili kila msimu na kuzipanda tena, bila daftari, bila mshahara, bila mtu yeyote ofisini kujua kwamba wanafanya kazi ya taifa. Wangeamua msimu mmoja tu kwamba Namikonga haina faida, tusingekuwa nayo leo. Watu husema tumebahatika. Mimi naona tumedaiwa, na deni hilo halijalipwa hata kwa shukrani.

Upande wetu wa mpaka sheria haifanani na ya Kenya, na hukumu ya Machakos haitufungi. Tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayotaka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa, na taasisi ya kudhibiti ubora, TOSCI, ya kuisimamia. Tuna pia daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo vikundi vya wakulima vinaruhusiwa kuzizalisha na kuziuza katika eneo lao. Tuna sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 tukajiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda aina hizo, UPOV. Ukiziweka pamoja, zinasema kwa kirefu jinsi ya kumlinda anayetengeneza mbegu mpya na anayenunua mbegu dukani. Juu ya anayetunza mbegu ya zamani ambayo mpya itatengenezwa kutokana nayo, zinasema machache mno. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea uliopitishwa mwaka 2001, ambao kifungu chake cha 9 kinatambua haki za wakulima kwa mchango wao huo. Kutambua kupo kwenye karatasi. Hata karatasi yenyewe ina upofu: orodha ya mazao iliyoambatanishwa mwaka 2001 inautaja muhogo wa kawaida peke yake na kuwaacha nje ndugu zake wa porini. Maana yake kisamvu cha mpira, kilichouokoa muhogo, hakimo.

Wanaotetea mbegu zilizothibitishwa wana hoja nzito, na siipuuzi. Mkulima wa Handeni aliyeuziwa punje zilizopakwa rangi akidhani ni mahindi chotara amepoteza mvua ya mwaka mzima; hana wa kumrudishia. Watu wanaongezeka, mashamba yanagawanywa kila baba anapofariki, na gunia zaidi kwa eka ndilo linalompeleka mtoto sekondari. Tangu Agosti 2022 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na wapo waliovuna vizuri kwa sababu hiyo. Mtu asimwambie mkulima mwenye njaa abaki na mbegu ya babu kwa ajili ya historia. Pale ninapotengana na watetezi hawa ni wanaposema kwamba mbegu bora inachukua nafasi ya mbegu ya zamani. Mbegu bora imetengenezwa kwa mbegu ya zamani. Kiroba, muhogo ulioenea pwani kwa kuvumilia michirizi, ulikuwa mashambani mwa wakulima kabla haujaingia kwenye orodha za wataalamu. Aina mpya ikishindwa na ugonjwa, na mara nyingi hushindwa baada ya miaka kadhaa kwa kuwa ugonjwa nao unabadilika, mzalishaji anarudi mashambani kutafuta malighafi. Akiyakuta mashamba yote yana aina yake ileile, hana pa kuanzia.

Wanaharakati wa mbegu za asili nao wako karibu na moyo wangu, lakini kuna jambo wanalikwepa. Wanasema mbegu igawiwe tu, kama ilivyogawiwa tangu zamani. Kwa mahindi, kunde, mbaazi na njugu mawe nakubali kwa sehemu kubwa. Kwa muhogo ni hatari. Muhogo haupandwi kwa mbegu, unapandwa kwa pingili, na pingili iliyokatwa kwenye shina lenye ugonjwa hubeba virusi hadi shamba jipya. Inzi weupe wanausambaza ugonjwa kwa umbali mfupi. Binadamu mwenye mzigo wa pingili juu ya pikipiki anausafirisha kutoka Pangani hadi Kilindi kwa siku moja. Ukarimu uleule unaosambaza aina nzuri unasambaza michirizi ya kahawia. Kwa hiyo uhuru wa kugawana bila chanzo cha pingili safi unaweza kuziua aina za asili haraka kuliko kampuni yoyote, maana aina iliyojaa virusi huzaa kidogo kila msimu mpaka mwenyewe anaitupa akidhani ni mbegu mbaya. Pengine ilikuwa aina nzuri iliyougua. Hili halisemwi vya kutosha kwenye mikutano ya mbegu za asili, na linapaswa kusemwa na marafiki wa mbegu hizo kabla halijasemwa na maadui zao.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia kutoka kwa watu wenye elimu zaidi: kwamba tusihangaike, kila kitu kiko benki. Wanamaanisha benki ya nasaba za mimea iliyoko Arusha, na ile hazina ya mbegu ya dunia iliyofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wenye ardhi iliyoganda huko Svalbard, Norway. Hazina hizo ni za maana sana. Mwaka 2015 kituo cha utafiti kilichofukuzwa Aleppo na vita vya Syria kilirudishiwa nakala za mbegu zake kutoka Svalbard, kikaanza upya. Bila akiba ile, kazi ya miaka mingi ingepotea kabisa. Lakini angalia kinachoweza kuwekwa kwenye friza. Ni mbegu zinazokubali kukaushwa na kugandishwa: ngano, mpunga, mahindi, maharage, mtama. Sasa tembea kutoka Pongwe hadi Muheza, ushuke hadi Pangani, uhesabu tunachokula. Nazi haikaushwi ikabaki hai. Fenesi halikubali, embe halikubali. Muhogo, ndizi, magimbi na viazi vikuu vinatunzwa kwa kupandwa tena na tena, au kwa vichupa vya maabara vinavyotaka umeme, dawa na mtaalamu kila mwezi wa mwaka. Friza limejengwa kwa ajili ya vyakula vya watu wengine zaidi kuliko vyetu. Benki ya chakula cha pwani ni shamba, na mlinzi wake ni mwenye shamba.

Minazi inatufundisha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulianza mwaka 1979, na minazi mifupi na chotara kutoka nje ikapandwa kwa matumaini makubwa, pamoja na mashamba ya majaribio ya Chambezi, Bagamoyo. Ugonjwa wa kunyong'onyea ukaiangusha. Iliyoonyesha dalili za kustahimili, ijapokuwa si yote, ilikuwa ndani ya minazi mirefu ya Afrika Mashariki, ile ambayo wazee waliichagua kwa macho na kwa uvumilivu wa miaka mingi. Mnazi ukikatwa kwa ajili ya mbao au kiwanja, hakuna nakala yake Arusha.

Mbegu iliyolala kwenye friza, hata ile inayokubali, inabaki kama ilivyokuwa siku ilipoingia. Shambani mimea inakutana na ukame wa mwaka huu, mdudu wa mwaka huu, chumvi iliyopanda kutoka baharini mwaka huu, na mkulima anachagua iliyovumilia. Nilipata kumuuliza mzee mmoja upande wa Magoroto, baada ya shikamoo na marahaba, kwa nini kishamba chake kimoja kina mihogo ya aina nyingi badala ya ile moja izaayo zaidi. Akanionyesha kwa jembe: "Ile inazaa, lakini inataka mvua zote mbili. Hii inanisubiri ardhini hata mwaka wa pili. Ile pale ni chungu, mjukuu wangu, nguruwe haigusi." Mtaalamu angeandika ripoti nzima kueleza hayo.

Kuna pia wanaosema sayansi ya kuhariri vinasaba itamaliza tatizo. Huenda itasaidia sana, na napenda vijana wetu wa kituo cha Mikocheni cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, waimudu. Ila anayehariri lazima awe na cha kuhariri na ajue kinga iko wapi. Na kinga imejulikana, mara nyingi, kwa kuwa mmea fulani ulisimama shambani wakati mingine imelala chini.

Mpaka hapa nimesema mbegu, na msomaji anaweza kudhani udongo ni mada nyingine. Ni mada ileile. Aina nyingi zipo kwa sababu udongo ni wa aina nyingi: mchanga wa Mkinga na Pangani, udongo mwekundu wa Muheza, weusi wa mabondeni, na ule wa milimani ambao ukiuvua msitu unachoka upesi. Usambara Mashariki watu walilima iliki chini ya kivuli cha msitu. Baada ya miaka kadhaa mavuno yakashuka, miti ikaondolewa, yakaja mahindi na mihogo, kisha mmomonyoko. Udongo ukichoka, aina zinazotaka rutuba ndizo zinazoondoka kwanza. Mkulima anabaki na moja au mbili zinazovumilia umaskini wa ardhi, na mtoto wake hazijui nyingine kwa sababu hajaziona. Hivyo ndivyo aina inavyokufa kimyakimya, bila sheria yoyote kuvunjwa. Mbolea ya ruzuku haizuii hilo peke yake. Udongo usio na mboji hauishiki mbolea. Mvua ya masika inaipeleka mtoni. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, sehemu kubwa ya fosforasi inanaswa na udongo wenyewe kabla mmea haujaipata. Anayepanda chotara kwenye ardhi ya namna hiyo analipa pesa ya mbegu nzuri na kupata mavuno ya mbegu mbaya, kisha anailaumu mbegu.

Na Tanga ina historia ya kutisha ya kuegemea kitu kimoja. Mkonge wote uliotajirisha mkoa huu ulianzia kwenye miche 62. Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ni hiyo 62 tu. Baadaye kituo cha Mlingano, hapo Muheza, kikazalisha chotara 11648, mzuri wa majani mengi, ambao mmoja wa wazazi wake ni aina ya katani iliyopewa jina la Amani. Ukaenea mashambani. Nao ukakuta ugonjwa wake, madoa ya Korogwe, na katika ardhi iliyolimwa mkonge mfululizo majani yakaanza kunyauka kwenye shina kwa kukosa potasiamu. Mlingano leo ni kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Sijui kama kuna mahali pengine nchini ambapo mbegu na udongo vimechunguzwa kwa muda mrefu hivyo katika wilaya moja.

Kwa kuwa nimesema kazi hii ilipiwe, lazima niseme pia namna ambayo haikufaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo Mlalo, Lushoto, wakawalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko. Kitaalamu hofu yao ilikuwa ya kweli, udongo ulikuwa unateremka. Lakini jembe lilishikwa zaidi na wanawake, kazi ikaongezwa juu ya kazi, faini zikafuata, na mavuno hayakuonekana kuongezeka. Watu wakayakataa matuta, yakawa sehemu ya siasa za kudai uhuru, na mpango ukaachwa kabla ya mwaka 1961. Wasambaa hawakuwa maadui wa udongo wao. Walikataa kubebeshwa gharama ya jambo ambalo wengine ndio walioliamua. Ninaposikia leo pendekezo la sheria ndogo ya kumpiga faini mkulima asiye na makinga maji, naikumbuka Mlalo.

Namna inayofaa tumeanza kuijua wenyewe, na ajabu ni kwamba imetoka kwenye maji. Jiji la Tanga linakunywa maji ya mto Zigi, kutoka bwawa la Mabayani. Udongo unaoporomoka Amani unaishia bwawani, na mamlaka ya maji inalipa gharama ya kuyasafisha. Kwa hiyo Tanga UWASA imekuwa ikishirikiana na wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi, walioungana katika UWAMAKIZI, kutunza kingo na miteremko. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji na utunzaji wa vyanzo vyake, na wananchi na taasisi wakainunua hadi kuvuka lengo. Yaani mtu wa Chumbageni ameshakubali kwamba jembe la mtu wa Amani lina thamani ya fedha kwake. Kilichobaki ni kukubali kwamba pingili ya mtu wa Amani nayo ina thamani.

Ukilikubali hilo, mengi yanabadilika. Halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao kila gunia linapopita kwenye kizuizi. Sehemu ndogo ya ushuru huo inaweza kurudi kwa watunzaji wa aina adimu waliosajiliwa kata kwa kata, wanaokubali kukaguliwa na kutoa pingili pale mtafiti anapozihitaji. Maofisa ugani wanaweza kuanza na kazi rahisi iliyosahaulika: kuorodhesha aina zilizopo, majina yake kwa Kibondei, Kisambaa, Kizigua na Kidigo, na sababu ya kila moja kutunzwa. Aina hizo zisafishwe virusi Mikocheni, zirudi kupandwa kwenye mashamba mama yaliyo mbali na mihogo mingine, na wakulima waleule waliozitoa wawe wa kwanza kuzipata zikiwa safi. Hapo ndipo uhuru wa kugawana unakuwa na faida, kwa sababu kinachogawanywa ni kizima. Daraja la kuazimiwa ubora lipanuliwe ili lipokee aina za asili bila kudai zifanane punje kwa punje, sharti ambalo aina za asili haziwezi kulitimiza, maana nguvu yake iko katika kutofanana. Ruzuku ya mbolea iambatane na kipimo cha udongo, na pale penye tindikali itoe chokaa kwanza. Mawe ya chokaa yamejaa Amboni, hayahitaji meli.

Watasema fedha hazitoshi, na ni kweli bajeti za wilaya ni finyu. Lakini gharama ya kumlipa mtunzaji wa kishamba cha robo eka ni ndogo ukiilinganisha na ya kuagiza chakula, na gharama hiyo tayari ipo. Tofauti ni kwamba hadi sasa imebebwa na mzee mmoja na jembe lake. Watasema pia kwamba ukiwalipa watu watunze, wataacha siku malipo yakikoma. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana malipo yasiwe ya mradi wa miaka mitatu wenye magari na mabango. Yawe kifungu cha kudumu kwenye bajeti ya halmashauri, kidogo, kisichokatika, kama posho ya mlinzi wa ghala.

Vikao vya bajeti za halmashauri huanza mapema mwaka, na vya Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe na Lushoto havitofautiani. Diwani anayetaka kujua pa kuanzia aulize swali moja kwa ofisa kilimo: katika kata yangu, ni nani bado anapanda muhogo ambao majirani zake wameuacha, na ana umri gani? Majibu yakipatikana kabla ya masika, pingili zinaweza kukatwa kwenye mashina yaliyokaguliwa, nusu zikaenda Mikocheni na nusu zikapandwa Mlingano, ambako wapimaji wa udongo wapo tayari na ardhi ya kituo ipo.